Mlipuko wa maradhi ukizuka, nani atamtunza anayesahau?

Kila serikali inapotangaza mlipuko wa maradhi ya kuambukiza, wananchi husikia maagizo yanayofanana: nawa mikono kwa sabuni, vaa barakoa, chemsha maji ya kunywa, usimkaribie mwenye dalili, wahi kituo cha afya unapohisi homa. Ni maagizo mazuri na yameokoa maisha ya watu wengi. Lakini yote yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba anayeyasikia atayaelewa, atayakumbuka na atayatekeleza.

Kwa mamilioni ya watu dhana hiyo haina msingi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, hali inayoufanya ubongo upoteze hatua kwa hatua uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kumwezesha mtu kujihudumia. Wengi wetu huiita ugonjwa wa kusahau. Maradhi ya Alzheimer ndiyo chanzo chake kikubwa, na kiharusi nacho huchangia. Zaidi ya asilimia 60 ya watu hao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mtu wa aina hii akiagizwa asubuhi kunawa mikono, huenda adhuhuri asikumbuke kabisa kwamba aliagizwa. Agizo la daktari au la waziri humpita, likaangukia mikononi mwa yule anayemlisha, anayemwogesha na kumlaza. Kumkinga mgonjwa wa kusahau, kwa hiyo, kunaanza kwa kumwandaa mtunzaji wake. Hapo ndipo mipango ya dharura, kusini na mashariki mwa Afrika, ilipoacha pengo.

Malvern, mtaa wa wapangaji

Mtaa wa Malvern, mashariki mwa Johannesburg, unalionyesha pengo hilo waziwazi. Ni mtaa wa zamani wa watu wa kazi, unaopitiwa na barabara ndefu ya Jules, mashuhuri kwa wauzaji wa magari yaliyotumika. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya familia moja sasa hupangishwa chumba kwa chumba, na uani mara nyingi kumeongezwa vyumba vingine. Humo wanaishi raia wa Afrika Kusini pamoja na wahamiaji kutoka Zimbabwe, Msumbiji, Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kwingineko. Septemba 2019, wimbi la ghasia dhidi ya wageni lilipozuka jijini humo, Malvern na mtaa jirani wa Jeppestown ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoshuhudia mali zikiporwa na kuchomwa moto.

Tuchukue mfano wa familia kutoka Kivu iliyopanga vyumba viwili katika nyumba ya namna hiyo. Yupo bibi wa miaka sabini na ushei ambaye siku hizi hupotea njia akitoka msalani. Bomba na choo ni vya wapangaji wote. Binti anayemtunza ndiye huyo huyo anayeuza nguo kando ya barabara ili kodi ipatikane. Siku binti akibainika ana maradhi ya kuambukiza, ataambiwa ajitenge. Ajitenge wapi, na bibi abaki na nani?

Swali hilo haliwahusu wahamiaji pekee. Linamkabili jirani yao Mzulu anayemtunza babu yake, kama linavyomkabili mkaza mwana wa Kigoma au Kilifi. Tofauti ni kwamba nyumbani huenda kukawa na shangazi, binamu au jirani wa miaka mingi. Ugenini, mara nyingi mtunzaji ni mmoja tu, na nyuma yake hakuna mtu.

Fundisho la korona

Afrika Kusini ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 5 Machi 2020. Siku kumi baadaye ilitangaza hali ya maafa, na kuanzia tarehe 27 mwezi huo wananchi waliamriwa kubaki majumbani huku wanajeshi wakiwasaidia polisi kusimamia amri hiyo. Makao ya wazee yalifungwa kwa wageni.

Kwa aliyeelewa sababu, amri ile ilikuwa adha ya kuvumilia. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, dunia ilibadilika bila maelezo. Alizoea kwenda kanisani au kuota jua kibarazani kwa jirani, sasa mlango umefungwa. Watu wamefunika nyuso, hata binti yake mwenyewe akawa mtu asiyetambulika. Utaratibu wa siku, ambao ndio unaomshikilia mtu wa namna hii asiyumbe, ulivunjika. Na aliyefanikiwa kutoroka hadi barabarani hakuwa na la kumweleza askari aliyemuuliza kwa nini yuko nje.

Takwimu za Uingereza zinatoa picha ya ukubwa wa hasara. Katika England na Wales, takriban robo ya watu waliofariki kwa korona kati ya Machi na Juni 2020 walikuwa na dimenshia, na hakuna maradhi mengine ya awali yaliyoonekana kwa wingi kiasi hicho miongoni mwa marehemu. Barani Afrika wagonjwa wengi hutunzwa nyumbani na hawajawahi kupimwa na daktari, kwa hiyo hata wakifa kwa mlipuko hawahesabiwi katika fungu hilo.

Korona ilifundisha jambo jingine linalostahili kujulikana na kila mtunzaji. Mzee mwenye ugonjwa huu anaweza kupata nimonia bila homa kali wala kikohozi cha kutisha. Ishara ya kwanza huweza kuwa kuchanganyikiwa ghafla kupita kawaida yake, kusinzia mchana kutwa, kukataa chakula, au kuanguka. Mtunzaji asiyejua hudhani kwamba usahaulifu umezidi tu, akasubiri. Siku mbili tatu za thamani zikapotea hivyo.

Si korona peke yake

Kati ya 2017 na 2018 Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko wa bakteria wa listeria, mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo uliowahi kurekodiwa duniani. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 1,060 na waliofariki walizidi 200. Machi 2018 serikali ilitangaza kwamba chanzo ni poloni, ile nyama laini ya kukatwa vipande inayoliwa na mkate kwa kuwa ni rahisi. Watu waliambiwa waitupe. Lakini wapo wazee wenye ugonjwa huu wanaoficha chakula kabatini au chini ya mto, wakakila baada ya wiki. Kwa nyumba yenye mzee kama huyo, tangazo lile lilimaanisha kwamba mtu mwingine lazima apekue chumba kizima.

Mei 2023 kipindupindu kiliibuka Hammanskraal, kaskazini mwa Pretoria, katika jimbo lile lile la Gauteng ilipo Johannesburg. Mwaka huo maradhi hayo yaliua zaidi ya watu 40 nchini kote. Kipindupindu kinaweza kummaliza mtu kwa saa chache kwa kumkausha maji mwilini, na mgonjwa wa kusahau mara nyingi hasemi kwamba ana kiu, au haitambui kiu yenyewe.

Mtihani mgumu zaidi uko katika maradhi yanayoambukizwa kwa kugusana. Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Kongo kati ya 2018 na 2020, ikazuka Uganda mwaka 2022 na tena 2025. Marburg ilizuka mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2023 na 2025, na nchini Rwanda mwaka 2024. Kanuni ya kwanza katika milipuko hiyo ni kutomgusa mgonjwa. Lakini kumtunza mwenye ugonjwa wa kusahau ni kazi ya kugusa: kumwosha, kumbadilisha nguo, kumshika mkono asianguke.

Aliyekutana na mgonjwa wa Ebola au Marburg hufuatiliwa kwa siku 21. Mtunzaji akiwa miongoni mwao na akaanza kuumwa, atachukuliwa hadi kituo cha matibabu. Timu ya afya itaandika jina lake na kupulizia dawa nyumba. Mzee atabaki, naye akiwa amekwisha kuguswa na mgonjwa, na hakuna wa kumzuia asiende kwa jirani. Mpango wa dharura usiomjua mzee huyo haujamwacha yeye peke yake hatarini, umeuacha mtaa mzima.

Lugha inayorudi nyuma

Kwa Waafrika Mashariki walioko ugenini, kuna sura moja zaidi ya tatizo hili. Ugonjwa wa kusahau kwa kawaida hufuta kwanza mambo ya karibuni na kuacha ya zamani. Lugha nazo huweza kufuata mkondo huo. Mtu aliyeishi Johannesburg miaka 20, akajifunza Kiingereza cha dukani na Kizulu cha sokoni, anaweza kuzipoteza lugha hizo na kubaki na Kiswahili, Kibembe au Kimashi cha utotoni.

Mtu huyo akifikishwa wodini peke yake wakati wa mlipuko, wageni wamezuiwa na wauguzi wamejifunika kuanzia utosini hadi miguuni, atasema anataka maji na hakuna atakayemwelewa. Ataulizwa jina kwa Kiingereza au Kizulu na atanyamaza. Ukimya wake utaandikwa kuwa ni kuzidi kwa ugonjwa.

Johannesburg ina kumbukumbu chungu za watu wasioweza kujieleza wanapohamishwa kwa haraka. Mwaka 2016 idara ya afya ya Gauteng iliwaondoa zaidi ya wagonjwa elfu moja wa akili katika vituo vya Life Esidimeni na kuwagawa kwa mashirika, mengi yakiwa hayana leseni halali. Watu 144 walifariki, kama ilivyobainishwa mbele ya Jaji Dikgang Moseneke aliyetoa uamuzi wa usuluhishi mwaka 2018. Miaka mitano baada ya uhamisho huo, tarehe 16 Aprili 2021, korona ikiwa bado inavuma, moto ulizuka katika hospitali ya Charlotte Maxeke, mojawapo ya hospitali kubwa za umma za jiji, na wagonjwa wapatao 700 wakalazimika kupelekwa hospitali nyingine.

Matukio hayo mawili hayafanani kwa chanzo wala kwa lawama. Yanafanana kwa fundisho: asiyeweza kusema yeye ni nani anahitaji karatasi inayosema kwa niaba yake, na karatasi hiyo lazima isafiri pamoja naye.

Yanayowezekana nyumbani

Sehemu kubwa ya maandalizi haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kufanywa mapema, kabla redio haijatangaza lolote.

La kwanza ni mtunzaji wa akiba. Familia ikae na kukubaliana nani atashika zamu mtunzaji mkuu akiugua, na huyo aanze sasa kufika nyumbani mara kwa mara ili sura na sauti yake zizoeleke. Mgonjwa hatamkubali mgeni katikati ya taharuki. Pale ambapo hakuna ndugu, kanisa, msikiti, kikundi cha kufa na kuzikana au chama cha watu wa nyumbani kinaweza kujaza nafasi hiyo.

La pili ni karatasi moja, iliyoandikwa kwa lugha mbili. Upande mmoja uwe na jina kamili, umri, maradhi, dawa na vipimo vyake, chakula au dawa inayomdhuru, na namba za simu za watu wawili. Upande wa pili uwe na yale yanayojulikana na mtunzaji tu: jina analoitikia, maneno anayotumia kuomba maji na choo, kinachomtuliza, kinachomtia hofu. Nakala moja ikae mlangoni, nyingine kwenye mfuko wa hati za familia, nyingine kwa mtunzaji wa akiba. Kitambulisho kidogo cha kuvaa chenye namba ya simu kitamsaidia atakapotoka bila kuonekana.

La tatu ni kugeuza kinga kuwa mazoea badala ya agizo. Mtu asiyekumbuka maelezo bado anaweza kuiga. Mtunzaji anawe mikono pamoja naye, kwa saa zile zile, mahali pale pale, hata kwa wimbo ule ule anaoupenda. Barakoa ikimletea fujo, ni afadhali mtunzaji aivae yeye na kufungua madirisha kuliko kupigana. Kabla ya kuivaa, amwonyeshe uso na kumwita kwa jina. Jiki na dawa za spiriti za kusafishia mikono zifungiwe, kwani mgonjwa anaweza kuzinywa akidhani ni maji au soda.

La nne ni akiba na chanjo. Dawa za kila siku zisisubiri kuisha. Pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, sabuni, na maji ya siku kadhaa yaliyohifadhiwa vizuri ni mambo ya lazima katika jiji ambalo mabomba hukauka mara kwa mara. Chanjo ya homa ya mafua hutolewa bure katika vituo vya umma vya Afrika Kusini kwa walio katika hatari, wakiwemo wenye miaka 65 na zaidi. Mtunzaji naye aulizie chanjo yake, kwa kuwa yeye ndiye mlango ambao maradhi hupitia.

Mwisho, mtunzaji apumzike. Anayekesha usiku mzima na kufanya kazi mchana huugua upesi. Saa mbili za kupokewa kila wiki zina thamani kuliko pongezi.

Walio mbali nao wana sehemu yao. Machi 2020 mipaka na viwanja vya ndege vilipofungwa, watoto walioko Johannesburg, Muscat au Minneapolis hawakuweza kurudi kwa wazazi Mwanza au Mombasa. Wengi walimtegemea msichana wa kazi mmoja, ambaye peke yake alijua bibi hulala saa ngapi na hula nini. Anayetuma fedha kila mwezi aulize pia swali ambalo fedha hazilijibu: msichana huyo akiugua au akirudi kwao, nani mwingine anajua?

Wajibu wa serikali

Mwaka 2017 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mpango wa dunia wa kukabiliana na dimenshia, zikaahidi kwamba kufikia 2025 robo tatu ya nchi zote ziwe na sera au mkakati wake. Lengo hilo halikufikiwa, na mwaka 2025 muda wa mpango uliongezwa hadi 2031.

Nchini Afrika Kusini, raia, mkaazi wa kudumu au mkimbizi aliyetambuliwa, mwenye miaka 60 na zaidi na kipato kidogo, anaweza kuomba malipo ya uzeeni. Akihitaji uangalizi wa muda wote, huweza kuongezewa kiasi kidogo kwa ajili ya anayemtunza. Mwomba hifadhi ambaye kesi yake haijaamuliwa hayumo. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na inakataza kumnyima yeyote matibabu ya dharura. Hata hivyo, mwaka 2025 makundi yanayopinga wageni yalisimama kwenye milango ya zahanati kadhaa yakidai vitambulisho, hadi Mahakama Kuu ilipolizuia kundi la Operation Dudula kufanya hivyo mwezi Novemba. Mtunzaji anayeogopa kukamatwa au kuzomewa zahanati hatampeleka mzee mapema, na mlipuko hauulizi hati za ukaazi.

Wapo watakaosema kwamba katika nchi zenye uhaba wa vitanda na wauguzi, wagonjwa wa kusahau hawawezi kuwa wa kwanza. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kinachodaiwa kingekuwa hospitali mpya. Kinachohitajika ni kidogo kuliko hicho. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja Septemba 2023. Tanzania ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024. Uganda ina timu za afya za vijiji, na Afrika Kusini ina wahudumu wanaopita nyumba kwa nyumba katika kata. Watu hao tayari wanabisha hodi. Wanaweza kuongezewa maswali matatu: katika nyumba hii yupo asiyeweza kufuata maagizo mwenyewe? Nani anamtunza, na nani atashika zamu yake? Anazungumza lugha gani?

Majibu hayo yakiwa katika daftari la zahanati, timu ya dharura itajua kabla ya kumtenga mtunzaji kwamba kuna mtu wa pili wa kushughulikiwa. Kazi hiyo inadai pia kuondoa aibu. Kuna vijiji, pwani ya Kenya na kwingineko, ambako mzee anayezurura usiku na kusema peke yake hushukiwa uchawi, na wapo waliouawa kwa shaka hiyo. Familia inayoogopa macho ya watu humficha mzee wake, na aliyefichwa haandikwi katika daftari lolote.

Hakuna haja ya kusubiri Ebola au korona nyingine ili kuona kama maandalizi yanafaa. Kusini mwa Afrika msimu wa homa ya mafua hurudi kila mwaka baridi inapoingia. Binti wa Malvern atakapolala na homa siku tatu, itajulikana kama mtunzaji wa akiba anajua njia ya kufika na kama karatasi iko mlangoni. Ndiyo wiki ya kurekebisha kilichokosekana, wakati bado ni mafua tu.